Vidole vilivyomkataa samaki asiye na kichwa

Beseni la kwanza linatua miguuni mwa Robinah Kisakye wakati jua limeshachomoza juu ya miti ya ng'ambo ya Naili. Hainami kulitazama. Anakunja mikono ya blauzi, anazamisha mkono wa kulia majini, na uso wake unabaki umeelekea njiani, kama mtu anayemngojea mgeni.

Mkono unaibuka na samaki mpana wa ubavu, mwembamba kama sahani. Dole gumba linapita mgongoni, kidole cha shahada kinagusa mdomo.

"Ngege," anasema. "Ametoka kwa majani, maji ya kutulia."

Anamweka kando na kuzamisha mkono tena. Safari hii anatoa samaki mwenye kichwa bapa, masharubu na ngozi ya utelezi. "Kambare. Huyu mzee wa matope."

Wateja wawili wanacheka. Kisu kinaanza kazi, kikipara magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha kinapasua tumbo kwa mstari mmoja ulionyooka. Mgeni wa soko hili dogo la samaki, hapa mtaa wa Juba Na Bari, jijini Juba, anaweza kukaa karibu na meza hiyo asubuhi nzima asigundue kwamba mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba haoni, isipokuwa duara dogo la mwanga lililobaki katikati ya macho yake.

"Kama unachungulia ndani ya chupa," anaeleza. "Naona pua yako. Masikio yako mimi hapana ona."

Robinah alizaliwa Kiyindi, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Uganda. Baba yake alikuwa mvuvi, mama yake akianika mukene, dagaa wa ziwa hilo, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Alikuja Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini pamoja na mumewe, Lubega, aliyekuwa amesikia kwamba mji mpya unahitaji waendesha boda. Mapigano yalipozuka mjini mwaka 2016, Lubega alirudi nyumbani na hakuonekana tena. Robinah alibaki.

Hasimulii jambo hilo kwa uchungu. "Yeye alichoka na risasi," anasema. "Mimi nilikuwa nimeshapata wateja."

Wateja aliwapata, lakini samaki wa Juba walimpa tabu mwanzoni. Kule kwao aliwazoea samaki wa ziwani. Huku alikuta samaki wa mto, wengine hajawahi kuwaona maishani. Mara mbili gogogo alimchoma kwa ule mwiba wake wa begani, na mkono ukavimba mpaka akashindwa kufunga kanga. Aliyemsaidia ni Gaetano, mvuvi wa kabila la Wabari aliyekuwa akimuuzia samaki, mtu asiyependa maneno mengi, ambaye hata leo akiulizwa jambo hulijibu akiwa anatengua nyavu.

Gaetano alimwambia aache kuhangaika na majina. Kila samaki, alisema, amebeba nyumba yake mwilini. Ukimshika, jiulize maji ya kwao yanafanya nini, halafu jiulize anakula nini.

Robinah aliyaweka maneno hayo moyoni. Akaanza kuona kwamba samaki wa mkondo mkali ni mrefu, mgumu, na mkia wake umegawanyika kama mkasi, kwa sababu akipunguza mwendo maji yatamchukua. Yule mwenye meno marefu ya nje, anayewakimbiza wenzake katikati ya mto, ameumbwa hivyo. Ngege hakimbizi mtu. Anageuka geuka kati ya matete akitafuna uoto, na ubavu wake mpana unamsaidia kupenya penye nafasi ndogo na kukata kona. Kambare analala chini, tumbo kwenye tope, na masharubu ndiyo mikono yake ya kupapasa gizani. Domodomo naye ana pua ndefu iliyopinda, anaichomeka kwenye udongo kuokota vijidudu.

Mengine Gaetano hakumfundisha, aliyapata mwenyewe kwenye meza ya kusafishia. Ndani ya ngege alikuta utumbo mwembamba uliokunjwa na kukunjwa, ambao ukiunyoosha unakuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya sangara, anayemeza samaki wenzake, utumbo ni mfupi na tumbo ni kama mfuko.

"Majani yanachelewa kuiva ndani," anasema. "Nyama haichelewi. Hata sisi, mtu anakula mihogo kila siku anakuwa na tumbo lake."

Macho yalianza kumsaliti taratibu. Alianza kugongana na watu waliotokea pembeni. Alikanyaga mabeseni ya wenzake. Zaidi ya yote, alilipiga teke mara kwa mara jiko la mkaa la jirani yake, Nyaboth.

Nyaboth ana miaka thelathini na tatu na anakaanga samaki hatua chache kutoka meza ya Robinah. Wazazi wake walikimbia vita akiwa mchanga, akakulia katika kambi ya Kakuma, Kenya, na akarudi akiwa mtu mzima katika nchi aliyoijua kwa hadithi tu. Anaishi mtaa wa Hai Malakal na binti yake wa pekee, Nyaduoth, mwenye miaka minane. Kilichowaunganisha wanawake hawa wawili ni Kiswahili. Mmoja anacho cha Uganda, mwingine cha Kenya, na kwa miaka mingi kila mmoja amekuwa akimcheka mwenzake kwa namna anavyokivunja.

Daktari wa macho alimwambia Robinah kwamba ana presha ya macho. Mishipa inayopeleka mwanga ndani ilikuwa imekufa sehemu kubwa, na kilichokufa hakirudi. Kilichobaki kingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kukosa. Robinah alishukuru, akanunua matone, akarudi sokoni na hakumwambia mtu.

"Nani atapea kipofu kisu?" anauliza.

Hivyo alijifunza upya kazi yake, kimyakimya, mbele ya watu. Alipanga visu vyake kwa urefu, kila kimoja na mahali pake. Alizoea kuyapima mapezi kwa vidole, kuhesabu miba ya mgongoni, kusikiliza ngozi. Maneno ya Gaetano, ambayo zamani yalikuwa mazungumzo tu ya asubuhi, sasa yakawa ndiyo macho. Wateja waliona mwanamke anayefanya kazi bila kutazama, wakasema huyu amebobea. Aliwaacha waamini hivyo.

Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua ambapo mto ulijaa ukafunika matete, na nyavu za Gaetano zikawa zinarudi karibu tupu. Samaki waliadimika. Meza nyingi zilifungwa.

Asubuhi moja Robinah alimwambia Nyaboth kwamba anapeleka oda kwenye hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny. Kweli alikuwa na oda, lakini alipoikabidhi alipitia kwa daktari kupimwa presha ya macho. Alikuwa bado huko wakati mwanamume mmoja asiyejulikana sokoni alipofika na gunia. Alisema ana kambare wa mtoni, ameshawasafisha, amewakata vichwa, mikia na mapezi ili kumpunguzia mkaangaji kazi. Bei yake ilikuwa nafuu. Nyaboth, aliyekuwa hajawasha jiko kwa siku kadhaa, alinunua gunia zima.

Shule zilikuwa zimefungwa, na Nyaduoth alikuwa pale na mama yake. Kabla ya kuweka mafuta ya kukaangia, Nyaboth alimchemshia mtoto kipande kimoja kwa chumvi na nyanya. Mtoto akala kidogo, akasema mchuzi hauna ladha, akaondoka na jirani mmoja aliyekuwa akirudi Hai Malakal.

Robinah alirudi na kukuta mafuta ndiyo kwanza yanapata moto. Akavuta kigoda ili amsaidie mwenzake kukata vipande, kama walivyozoea. Akashika samaki wa kwanza.

Anasema kitu cha kwanza kilichomshtua ni unene. Kambare, hata akiwa mnono, tumbo lake limekaa kama mtu aliyezoea kulala kifudifudi. Huyu alikuwa wa mviringo kama kibuyu. Akapitisha kidole mgongoni kutafuta shina la lile pezi refu la kambare, linaloanza karibu na shingo na kutambaa mpaka karibu na mkia. Halikuwepo. Palikuwa na kovu dogo tu la pezi, nyuma kabisa. Akamgeuza. Tumboni hakukuwa na alama ya mapezi mawili ya chini, na ngozi ilikwaruza kama msasa.

"Nyaboth," alisema, "weka hiyo sufuria chini."

Nyaboth aliuliza kuna nini.

"Huyu si kambare. Sijui ni nani. Lakini huyu hakulala kwa matope, na hakukimbia kwa mkondo. Mwili wake ni wa mtu hana haraka. Samaki hana haraka, hana magamba, na hajaliwa na wengine, yeye iko na kitu."

Nyaboth, ambaye fedha yake yote ilikuwa ndani ya gunia lile, alidhani anachezewa. Anakumbuka alimjibu kwa ukali. "Wewe umejuaje na hata hujamwangalia? Umeketi hapo unaangalia barabara, halafu unaniambia nimwage samaki wangu?"

Robinah anasema wakati ule aliona meza yake, visu vyake na wateja wake wote wakiondoka mmoja mmoja. Kisha akasema.

"Simwangalii kwa sababu sioni. Mwaka wa tatu huu. Nashika tu. Ukiniambia nimekosea kwa macho nitakubali, lakini mkono wangu haujakosea."

Nyaboth alimtazama usoni, akainua mkono wake na kuupitisha pembeni ya kichwa cha rafiki yake, polepole. Robinah hakupepesa.

Nyaboth aliitoa sufuria motoni, akatuma mtu mtoni kumwita Gaetano.

Gaetano alifika na maji yakimchuruzika suruali. Alimgeuza samaki mara moja tu, akasonya. Ndugu wa samaki huyo ni yule ambaye watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanamwita bunju, samaki anayejijaza upepo akitishwa. Wa hapa anaishi mtoni, kwenye magugu na mchanga, na mdomo wake ni mgumu kama wa kasuku kwa sababu anavunja makonokono. Ana sumu, hivyo wavuvi wakimnasa wanamrudisha majini au wanamfukia. Gaetano alisema anajua familia iliyomla na haikumaliza mlo. Muuzaji aliyekata kichwa, aliongeza, alijua kwa nini anakikata: mdomo ule ungemtaja.

Hapo ndipo Nyaboth alipokumbuka kipande alichompikia mtoto.

Walipanda boda moja, wanawake wote wawili, Robinah akiwa nyuma amekumbatia mfuko wenye samaki mmoja. Walimkuta Nyaduoth amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, ametapika, akijipigapiga midomo kwa vidole. Alimwambia mama yake kwamba mdomo umelala na hauamki.

Hospitalini, daktari wa zamu alipousikia mkasa na kumwona samaki, hakupoteza muda. Aliwaeleza kwamba sumu ya aina hiyo haina dawa ya kuiondoa. Kazi ni kumlinda mtoto aendelee kupumua mpaka mwili uishinde wenyewe. Mashine ya hewa ikasogezwa kitandani, muuguzi akaambiwa asiondoke. Daktari alimshukuru Robinah kwa kumleta samaki, akasema bila yeye wangeanza kwa kutafuta malaria.

Kwenye benchi la nje wanawake wale walikaa wakingoja. Nyaboth ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Miaka mitatu," alisema. "Na mimi nimekutukana kila siku ulipogonga jiko langu."

"Ulitukana vizuri," Robinah alimjibu. "Nilikuwa najua umesimama wapi."

Nyaboth anasema alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Robinah akamshika mkono na kuushikilia. Hakumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Hakuwa na hakika, na hapendi kusema asichokuwa na hakika nacho.

Mikono ya Nyaduoth ililegea jioni ile, akashindwa kushika kikombe. Kifua, hata hivyo, hakikuacha kupanda na kushuka. Kesho yake mchana aliomba chai, akalalamika kwamba haina sukari ya kutosha. Muuguzi alisema huo ni ugonjwa mwingine, na huo hautibiwi hospitalini.

Samaki waliobaki walifukiwa kwenye shimo refu nyuma ya soko. Hakuna mteja aliyekuwa amekula. Mwenye gunia hakuonekana tena.

Habari ya macho ya Robinah, hata hivyo, haikufukiwa. Ilizunguka sokoni kabla mtoto hajatoka hospitalini. Wapo waliokuja kumpongeza, na wapo waliopongeza wakahamia meza nyingine. Mama mmoja aliuliza waziwazi kama damu ya vidole haiingii kwenye samaki. Robert, mpishi wa ile hoteli ya Thongpiny, alikuja mwenyewe kumwambia kwamba anasitisha oda. Bosi wake akisikia kuwa kisu kimeshikwa na asiyeona, alisema, kazi yake mwenyewe itakuwa mashakani. Hajarudi mpaka leo.

"Simlaumu," Robinah anasema. "Ana watoto. Alikuja kusema kwa mdomo wake. Wengine walipita tu mbali, wakidhani siwasikii."

Kwa kukisia kwake, nusu ya wateja waliondoka. Zilikuwa wiki ngumu, na kuna siku ambazo matone ya macho yalingojea fedha ipatikane. Alipofikiria kufunga meza, Nyaboth alibeba jiko lake, karai lake na viti vyake, akavileta ubavuni mwa meza ya Robinah bila kuomba ruhusa. Tangu siku hiyo biashara ni moja. Nyaboth anasoma mizani, anapokea fedha, anaangalia kama macho ya samaki bado yanang'aa. Robinah anapokea mabeseni, anachambua, anapara, anapasua.

Soko nalo lilibadilika kidogo. Wanawake wa meza za samaki walikubaliana wasinunue tena samaki aliyeletwa bila kichwa, awe wa bei gani. Hakuna aliyeandika sharti hilo popote. Akija mtu na gunia la namna hiyo, anaambiwa "malesh", samahani, na anaonyeshwa njia.

Robinah hapendi kusifiwa kwamba anajua kila kitu. Umbo nalo hudanganya, anasema. Ngege aliyebanwa na wenzake kwenye bwawa dogo, bila chakula cha kutosha, hutoka na kichwa kikubwa na mwili uliokonda, ukadhani ni samaki wa aina nyingine kabisa, kumbe ni njaa. Na samaki wakiwa wachanga bado wanamchanganya. Hao humpa Nyaboth awatazame, na Nyaboth naye akishindwa wanamngoja Gaetano.

Siku hizi, biashara ikipoa alasiri, Nyaboth hujifunga kitambaa machoni na kukaa kwenye kigoda cha mwenzake. Robinah anamwekea samaki mapajani. Wanawake wengine husogea na viti vyao kusikiliza. Leo ni zamu ya samaki mwembamba, mgumu, mwenye mdomo uliotazama juu.

"Anakula wapi?" Robinah anauliza.

Nyaboth anapapasa mdomo mara mbili. "Juu ya maji?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu anayeokota chini hawezi kuwa na mdomo wa kuangalia mawingu."

"Eeh. Kalas, umemaliza. Sasa mpare."

Nyaboth anaomba afungue kitambaa kwanza, maana kisu anakiogopa. Robinah anamwongoza mkono. Nyaduoth, aliyerudi shule na amekuja kumchukua mama yake, anasimama pembeni akila muwa. Samaki hamgusi tena, na hakuna anayemlazimisha.

Nilipomuuliza Robinah anatamani nini, nilitegemea atataja meza kubwa zaidi, au jokofu, au wateja wa hoteli warudi. Hivyo vyote anavitaka, alisema. Lakini kwanza, Desemba, mto ukiwa umeshuka na barabara ya Nimule, ya kwenda mpaka wa Uganda, inapitika vizuri, atamwachia Nyaboth visu kwa wiki mbili na kupanda basi kwenda Kiyindi. Daktari amemwambia kwamba akishika matone yake vizuri, mwanga uliobaki unaweza kukaa miaka. Unaweza pia usikae.

Kule Kiyindi yuko mama yake, ambaye sasa ni mzee na hatoki nje ya kiwanja. Robinah hajamwona tangu kabla ya macho kuanza kufifia.

"Samaki nimeshawajua kwa mkono, hao hawanisumbui," anasema, akifuta kisu kwa kitambaa. "Lakini uso wa mama, tangu nizaliwe, sijawahi kuushika. Nitaenda nimwangalie, halafu nimshike, vyote siku moja. Ili hii mikono ijue inashika nani."